Sura Niliyoiba Saluni

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, sikia haya machache kwanza ili tuende pamoja.

Mimi ni Penseli. Jina la nyumbani ninalo, lakini mtaani hakuna anayelijua. Nilipomaliza shule nilimwomba shangazi yangu kona moja katika duka lake la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Nikaweka meza, kiti cha mteja na kibao: NACHORA SURA YAKO. Mteja wa kwanza alirudisha picha akidai nimemwongezea pua. Wa pili alikuwa binti mchumba wa mtu. Uchumba ukavunjika kabla rangi haijakauka, na mama yake akaja dukani kuniambia nina mkosi.

Wa tatu alikuwa nesi mstaafu. Alinipa picha ndogo ya binti yake wa miaka sita, mwenye pengo mbele. Mtoto huyo alipotea sokoni miaka kumi na mitano iliyopita, akiwa na mjomba wake, mama yake akiwa zamu hospitalini. Nesi aliniomba kitu kimoja tu.

"Nichoree alivyo sasa."

Nilijaribu mara nne. Mara zote nne nilipata mwanasesere. Siku ya kukabidhi kazi niliinua macho nikamwona msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, msichana wa umri uleule, amekaa kizingitini anakula karanga. Nikamchora yeye. Nikamwekea nyusi za yule mtoto, nikafunga kazi.

Nesi alipoiona alilia. Akanishika mikono yote miwili.

"Umemwona," akasema. "Wewe umemwona mwanangu."

Nami nikajibu, "Ndiyo, mama."

Sasa sikilizeni maneno hayo mawili yalivyonitenda.

Siku ya tisa, asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nafuta vumbi mezani, msusi aliingia dukani. Kitana bado kilikuwa kimechomekwa kwenye nywele zake. Mkononi alishika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Penseli. Hii ni kazi yako?"

Nikatazama. Ilikuwa picha yangu, imepigwa kwa simu, imetumwa huku na kule mpaka imefifia. Chini yake pameandikwa: *Mama anamtafuta binti yake aliyepotea. Anayemfahamu apige namba hii.*

Nilijiandaa kutukanwa. Wallahi nilikuwa tayari. Nilishajua hata nitakavyojibu, kwamba nisamehe, nilikuwa nimebanwa na kazi.

Lakini msusi hakunitukana.

"Unajua ninaishi na mama mdogo?" akaniuliza. "Tangu nina miaka saba. Kabla ya hapo sina hata picha moja. Nikimuuliza wazazi wangu wako wapi, ananiambia tutaongea ukikua. Nimekua, Penseli. Nina miaka ishirini na moja, na bado ananiambia ukikua."

"Dada, sikiliza..."

"Nilikuwa natafutwa." Machozi yakamtoka. "Muda wote huo, kumbe mimi nilikuwa natafutwa."

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini shangazi yangu alishatoka nyuma ya mashine ya kopi, akamnyang'anya simu, akaiweka karibu na uso wa msusi, akamtazama, akaitazama simu tena.

"Ni wewe mtupu!" akapiga kelele. "Hebu oneni! Ni yeye mwenyewe!"

"Shangazi, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Nimekula chumvi nyingi duniani na sijaona jambo kama hili!"

Alikuwa ameshaipiga ile namba.

Nesi alifika haijatimia nusu saa. Aliletwa kwa gari na kaka yake, mwanamume mnene mwenye duka la vipuri vya magari, mpole, mwenye sauti nzito ya kukwaruza kama mtu aliyeamka sasa hivi. Huyu kaka mtu ndiye aliyekuwa na mtoto siku ile ya sokoni. Mtaa mzima unamhurumia kwa hilo.

Nilitegemea nesi atamrukia msusi na kumkumbatia. Hakufanya hivyo. Alimkalisha kwenye kiti changu cha wateja, akamshika mkono, akamtazama kucha, akamgeuza kichwa taratibu na kumtazama nyuma ya masikio. Alimpima kama mgonjwa.

"Mwanao alikuwa na alama yoyote, mama?" msusi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hana alama. Kila mtu huniuliza alama. Mwanangu alikuwa mzima kama yai."

Akaendelea kumtazama. Niliona shaka machoni pake, nikajiambia sasa hivi atasema siye, na mimi nitapona.

Aliyesema ni kaka mtu.

"Dada, usijitese. Ni yeye."

"Una hakika gani?"

"Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ile. Sura hiyo nalala nayo, naamka nayo. Ni yeye, dada. Mungu katukumbuka."

Hapo nesi alivunjika. Akamvuta msusi kifuani, wakalia wote wawili mpaka wateja wa kopi wakaanza kulia nao. Shangazi alilia kuliko wote.

Mimi nilimtazama kaka mtu. Mimi peke yangu mle dukani nilijua picha ile ilivyopatikana, kwa hiyo nilijua kwamba anaapia hewa. Lakini sikumchukia. Nilidhani ni mtu aliyebeba lawama miaka kumi na mitano, na leo kaona pa kuitua. Nikamhurumia. Kumbukeni kwamba nilimhurumia.

Kabla ya saa saba mchana nilikuwa nimepata kazi tatu mpya. Mzee mmoja alitaka nimchoree mdogo wake aliyekwenda kutafuta maisha nchi za nje na kuacha kupiga simu. "Mchore alivyo sasa," akaniambia, "maana wewe unaona." Shangazi aliandika oda hizo nyuma ya kopi zilizoharibika, huku akiniita msanii wetu. Wiki iliyotangulia alikuwa ananiuliza lini nitaondoa ile meza.

Nikamfuata nyuma ya mashine.

"Shangazi, nilimchora msusi."

"Najua. Wamefanana ajabu."

"Hapana. Nilimchora yeye. Alikuwa amekaa pale nje, nikawa namtazama, namchora. Sikumwona mtoto wa mtu yeyote. Nilikwama."

Shangazi alibonyeza mashine ikaanza kunguruma. Hapakuwa na kitu cha kutoa kopi. Karatasi nyeupe zikawa zinatoka moja baada ya nyingine, tupu kabisa, ili wateja wasisikie.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iwe hivyo hivyo."

"Shangazi!"

"Nisikilize. Yule mama kapata mtoto. Yule binti kapata mama. Wewe umepata kazi. Niambie hapo nani kaumia."

Sikuwa na jibu. Na nitasema ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote: nilifurahi kukosa jibu.

Siku tatu nilichora kwa raha. Mdogo wake yule mzee nilimpa mashavu ya muuza magazeti wa kona yetu. Mzee alishukuru, akaifunga picha kwenye gazeti, akaondoka nayo akitabasamu. Nikagundua kuwa uongo wa pili hauna hata uzito wa kumfanya mtu akohoe.

Siku ya nne, Ijumaa, msusi alikuja kuniaga.

"Nimeacha kazi saluni. Kesho nahamia kwa mama. Kaandaa chakula, na wewe umealikwa. Bila wewe nisingejulikana."

"Na mama yako mdogo amesemaje?"

Uso wake ukabadilika.

"Nilimwambia usoni. Nikamwambia, wewe uliniiba. Miaka yote umenilea kama mwizi anayelisha mali ya watu."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alikuwa anakunja nguo. Akaziweka chini, akakaa sakafuni, akanitazama tu."

Alipotoka, nilibaki nimeshika brashi mpaka rangi ikanikaukia vidoleni. Shangazi aliniuliza nani kaumia. Sasa nilikuwa namjua. Alikuwa amekaa sakafuni mwa nyumba yake, akitazama nguo alizokuwa anakunja.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa nesi. Kwapani nilibana daftari langu la michoro. Ndani yake kulikuwa na kurasa sita nilizomchora msusi kwa penseli kabla ya ile picha ya rangi: akiwa wima, akiwa ameinama, akijikuna, kibao cha saluni kikionekana nyuma yake. Mwenye macho asingehitaji maelezo.

Kaka mtu ndiye aliyenifungulia geti.

"Karibu, msanii wetu! Pita, pita."

"Shikamoo. Nina jambo la kusema, na afadhali uwe wa kwanza kulisikia, maana litakuuma."

Nikamwambia yote, pale pale getini. Nilitegemea ataishiwa nguvu, huenda akakaa chini. Badala yake alilirudisha geti polepole mpaka likajifunga nyuma yangu, akasogea karibu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Shangazi yangu."

"Basi nenda nyumbani. Nitawaambia umeugua."

"Baba, siwezi. Yule binti si mtoto wenu."

"Nani kakwambia si mtoto wetu? Mimi nimesema ni yeye. Wewe ni nani wa kunibishia?"

"Mimi ndiye niliyechora."

Akalikamata daftari. Sikutegemea mkono wa haraka namna ile kwa mtu mnene kiasi kile. Nikavuta, naye akavuta. Jalada likachanika likabaki mkononi mwake, kurasa zikabaki kwangu. Nikakimbia mbio hadi mlangoni, bila hodi, nikajikuta katikati ya sebule nikihema kama mbwa.

Nesi na msusi walikuwa kwenye kochi, wamekaa wameshikana mikono. Ile picha ilikuwa ukutani, imewekwa kwenye fremu. Ile ndogo ya mtoto ilikuwa mezani, kando ya sahani.

"Kuna nini, mwanangu?" nesi akauliza. "Nani anakukimbiza?"

Kama ningesubiri nivute pumzi, nisingesema. Kwa hiyo nilisema nikihema.

"Sikumwona mwanao, mama. Nilikudanganya. Nilishindwa mara nne, nikaona aibu kusema nimeshindwa, nikamchora huyu. Nilimchora akiwa amekaa nje ya saluni. Ndiyo maana wamefanana. Si kwamba picha imempata yeye. Picha ilitoka kwake."

Nikaweka kurasa mezani.

Msusi ndiye aliyezichukua. Alifunua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuwa na haraka.

"Hapa nakula karanga," akasema.

Akafunua ukurasa mwingine.

"Hapa najikuna." Akazipanga zikawa sawa, akazirudisha mezani, akanitazama. "Kwa hiyo hakuna aliyekuwa ananitafuta."

Watu wamenitukana katika maisha yangu, na mmoja aliwahi kunirushia picha yangu mwenyewe usoni. Hakuna lililonichoma kama sentensi ile. Nilipiga magoti. Sikujua nimpigie nani, nikapiga katikati yao.

Nesi alikuwa bado hajasogea.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikwambia umemwona mwanangu, ukaniambia ndiyo. Ungesema hapana ningekufanya nini? Ningekuchapa?"

"Hapana, mama."

"Ningekwambia pole, jaribu tena."

Kaka mtu alikuwa ameingia. Alisimama mlangoni akiwa na lile jalada mkononi, jasho likimtiririka.

"Dada, usimsikilize. Watoto wa siku hizi wanatafuta umaarufu. Mimi nasema ni yeye."

"Kaka, binti mwenyewe kaona michoro."

"Michoro ni kitu gani? Umempata mtoto. Mpokee, tumalize."

Nesi akageuza kichwa polepole.

"Tumalize nini?"

Kaka mtu akafuta jasho kwa kiganja. Akaenda dirishani, akatazama nje, akatugeuzia mgongo.

Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa mwanamke mwembamba, kavaa gauni lililopigwa pasi vizuri, mkononi ana mfuko wa plastiki. Msusi aliposikia sauti yake alisimama kabla hajamwona. Ni mama yake mdogo.

"Sikuja kugombana," mwanamke akasema, akiwa bado mlangoni. "Nimekuja na karatasi. Mwenye nyumba azisome, kisha nitaondoka."

Akatoa kadi ya kliniki, imechakaa kwenye mikunjo, na cheti cha kuzaliwa. Nesi akavaa miwani yake. Alisoma ile kadi mstari kwa mstari, chanjo kwa chanjo, jinsi alivyozisoma kadi za namna hiyo miaka thelathini. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Kadi ni ya kweli," akasema.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," mama mdogo akasema, sasa akimtazama msusi. "Dada alimleta kwangu kwa wiki mbili. Hakurudi. Yuko hai, ana mume, ana watoto wengine. Nilikuwa nakwambia ukikua, ukikua, kwa sababu sikujua mtoto anaambiwaje kwamba mama yake yupo na hamtaki. Mpaka leo sijui. Nimekwambia hivyo hivyo vibaya."

Msusi alivuka sebule kwa hatua mbili. Hakusema nisamehe. Aliweka kichwa chake begani kwa yule mwanamke, na yule mwanamke akaanza kumpapasa mgongo kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Nesi aliwatazama. Sijui alipata wapi nguvu, lakini aliinuka, akavuta kiti.

"Kaa, mama. Umetoka mbali kwa miguu, naona vumbi. Chakula kipo. Hakina kosa."

Mama mdogo akakaa. Akasogeza sahani apate pa kuweka mfuko wake. Ndipo alipoiona ile picha ndogo.

Akaichukua. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu ndiye mtoto wako aliyepotea?"

"Ndiye."

"Mbona huyu nimemwogesha?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nesi naye nadhani alidhani hivyo.

"Unasemaje?"

"Kabla sijaletewa huyu wangu nilikuwa nafua nguo kwenye kituo cha watoto yatima. Si hapa. Ni mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Mtoto huyu aliletwa jioni. Alikuwa na pengo hili hili. Alikataa kulala siku ya kwanza, nikakaa naye."

"Nilizunguka vituo vyote," nesi akasema. Sauti yake haikuwa yake. "Vyote."

"Vya hapa, mama. Kule hukufika."

"Aliletwa na nani?"

"Mwanamume. Alituambia kamwokota njiani, hamjui. Nami nikaamini. Ila alipotaka kuondoka mtoto alimng'ang'ania mguu, anamwita mjomba, mjomba, twende. Tulimbandua watu wawili."

Kule dirishani kaka mtu akakohoa.

"Watoto humwita kila mtu mjomba," akasema, bila kugeuka. "Na picha za zamani zote zinafanana. Mama huyu kachoka, ale aende zake."

Mama mdogo aliiweka picha mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Alimshika msusi mkono. Macho yake yalikuwa yamekwenda dirishani, kulikotoka ile sauti ya kukwaruza.

"Huyo ni nani?"

"Ni kaka yangu," nesi akasema.

"Naomba ageuke."

Nesi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anamtazama kaka yake kama alivyomtazama msusi siku ile dukani, kama mgonjwa.

"Kaka," akasema. "Geuka."

Kazi yangu ni kutazama watu. Niliutazama mgongo ule, shati limegandamana na ngozi kutoka shingoni hadi kiunoni, mkono mmoja umekamata nondo ya dirisha.

Hakugeuka.